Hotuba Elekezi Kuhusu Mitungi ya Dawa, Iliyotolewa na Mtaalamu Pekee Aliyekuwepo Ukumbini

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kiti chake nakiona lakini yeye simwoni, wazee wetu wa mtaa, kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mlioahirisha hesabu zenu ili mnisikilize, vijana mnaochungulia dirishani, itifaki imezingatiwa.

Nimshukuru mshereheshaji kwa kunitambulisha, ingawa ameruka sifa zangu nyingi na zile chache alizozitaja amezitaja kwa haraka. Amesema mimi ni “mpenzi wa vyombo vya zamani.” Ndugu zangu, mpenzi wa vyombo ni yeyote mwenye kabati sebuleni. Mimi ni Mtaalamu. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, kwa sababu sijakiona chuo chenye ubavu wa kunipima. Ikabidi nijipime mwenyewe, nikatunga mtihani mgumu, nikausahihisha kwa ukali, na nikafaulu vizuri sana. Makofi hayakatazwi.

Mada yetu ni mitungi ya kauri iliyochorwa kwa mkono, ile iliyopangwa kwenye rafu za maduka ya dawa ya Ulaya kwa karne kadhaa. Ninyi mkienda duka la dawa hupewa vidonge katika kibahasha cha plastiki, juu pameandikwa 1x3 kwa kalamu inayokata wino, mnarudi nyumbani mmeridhika. Halafu mnashangaa homa haishuki. Itashukaje? Imedharauliwa.

Hoja ya kwanza: mtungi huu ulitoka wapi?

Mtu wa kawaida atawaambia Italia. Mtu wa kawaida asamehewe. Ukweli ni kwamba katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, huko Iraki, waliziona kauri nyeupe za Kichina zikishushwa bandarini kwao, wakaingiwa na wivu. Udongo mweupe wa Wachina hawakuwa nao. Wao walikuwa na udongo wa rangi ya mchanga, pamoja na huo wivu. Wakagundua kwamba bati likichomwa hadi likawa unga, kisha likachanganywa katika ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya chombo, basi chombo hutoka tanurini kimevaa weupe mzito usioonyesha udongo wa chini. Na juu ya weupe ule mtu anaweza kuchora apendavyo. Ufundi huo ukasafiri hadi Misri, ukavuka kwenda Hispania, ndipo ukaingia Italia.

Hata umbo lenyewe, lile refu lenye kiuno, ambalo sisi wataalamu tunaliita albarelo (nasema “sisi” kwa unyenyekevu), Waitalia walilipokea kutoka Sham na Misri. Walinunua viungo na dawa za mashariki, dawa zikaisha, mtungi ukabaki mkononi. Wakautazama juu, wakautazama chini, wakaamua kutengeneza wa kwao. Usione vyaelea, ndugu zangu, vimeundwa; na aliyeviunda mara nyingi si yule anayesifiwa.

Naona baadhi yenu mnatabasamu mkidhani haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Nawafahamisha kwamba vigae vya vyombo vyeupe vya Iraki vya karne hiyo hiyo ya 9 vimefukuliwa Manda, katika visiwa vya Lamu. Mji wa Faenza, unaotajwa leo kila inapotajwa kauri ya Italia, ulikuwa bado haujaota hata ndoto ya weupe huo. Watu wa Manda walikuwa wanakula katika vyombo vya Basra karne nyingi kabla ya mtawala yeyote wa Italia kupakuliwa chakula katika sahani ya namna hiyo. Na leo mjukuu wao anakunywa chai katika kikombe cha plastiki chenye picha ya mchezaji mpira. Simtaji jina, lakini amekaa karibu na mlango.

Hoja ya pili: mtungi unatengenezwaje?

Tuanze na kiuno. Kwa nini mtungi una kiuno? Kijana wa dirishani, teremsha mkono, swali hili najibu mwenyewe. Mitungi ilipangwa rafuni ikiwa imebanana, bega kwa bega. Mtungi wenye ubavu ulionyooka ungemlazimu muuza dawa kusukuma wenzake ili apate pa kushika. Kiuno kikaacha nafasi ya vidole. Mdomo nao ulitokeza nje kidogo, wala si kwa urembo: juu ya mdomo pale palitandikwa kipande cha ngozi au kitambaa, kikafungwa kwa uzi chini ya ule ukingo, uzi usiteleze. Mitungi mingi ya namna hii haikuwa na mfuniko kabisa. Ya sharubati na mafuta ilipewa mkono na mdomo wa kumiminia, kwa maana dawa ya maji haichotwi kwa kijiko mbele ya mgonjwa anayetetemeka.

Sasa uchoraji. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza huchovywa katika ule mchanganyiko mweupe, kikiachwa kikauke hubaki na unga juu yake. Mchoraji huchora juu ya unga huo mbichi. Unga unakunywa rangi papo hapo. Mkono ukitikisika umetikisika, hakuna kufuta, hakuna kurudia, hakuna “samahani bosi.” Buluu hutokana na kobalti, kijani na shaba, zambarau na manganizi, njano na antimoni, rangi ya chungwa na chuma. Kisha chombo kinarudi motoni mara ya pili, na moto ndio msahihishaji wa mwisho.

Cipriano Piccolpasso, mtu wa Castel Durante, aliandika kitabu kizima juu ya kazi hii mnamo mwaka 1557, akachora hadi magurudumu na matanuri. Muswada wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Humo anaeleza kwamba brashi zilitengenezwa kwa nywele za mbuzi na za punda, na zile za mistari myembamba kabisa kwa masharubu ya panya. Narudia: masharubu ya panya. Narudia kwa sababu mzee wa mstari wa pili amepiga miayo, na mtu hapigi miayo mbele ya masharubu ya panya. Anaeleza pia kwamba wakongwe wa kazi waliamini tanuri likiwashwa mwezi ukiwa unapungua, moto nao hupungua mng'aro. Mimi naliafiki jambo hilo kikamilifu, kwa sababu linasikika la kitaalamu.

Msidhani huu ulikuwa urembo wa tajiri mmoja mmoja. Hospitali ya Santa Maria Nuova ya Florence, iliyoanzishwa mwaka 1288 na ambayo hadi leo inapokea wagonjwa, iliagiza karibu mitungi 1,000 kutoka kwa fundi Giunta di Tugio mwanzoni mwa miaka ya 1430. Mitungi ilichorwa majani ya mwaloni kwa buluu nzito, na alama ya hospitali, mkongojo, ikawekwa kwenye mikono ya mitungi. Fikirini: mgonjwa anaingia akichechemea, jambo la kwanza analoliona ni mkongojo. Hiyo ndiyo huduma kwa mteja.

Sasa tazameni huku. Picha niliyobandika ukutani ni ya chupa ya dawa ya karne ya 16 kutoka Castelli, huko Abruzzo. Chupa yenyewe iko British Museum. Mnaona nini? Dubu. Dubu amesimama kwa miguu miwili, amekumbatia nguzo kwa mikono yote, na maandishi yaliyo pamoja naye yanaahidi kwamba watakuwa marafiki wema. Dubu ni alama ya ukoo wa Orsini, nguzo ni ya ukoo wa Colonna, na koo hizo mbili za Roma zilikuwa na uhasama wa vizazi na vizazi. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kunywa dawa ya tumbo alipewa na mkataba wa amani. Niambieni, ni lini chupa ya dawa ya kikohozi iliwahi kuwapatanisha ninyi na jirani zenu?

Hoja ya tatu: ndani kulikuwa na nini?

Hapa ndipo wasio na elimu hupenda kunidaka, na hapa ndipo mimi hudakika kwa nadra sana.

Dawa kuu kuliko zote ilikuwa teriaki. Fomula yake maarufu ilihusishwa na Andromachus, tabibu wa Kaisari Nero, ikiwa na viambato 64, miongoni mwavyo nyama ya nyoka na afyuni. Huko Venisi ilitengenezwa hadharani, kwa sherehe, viambato vikiwa vimeanikwa ili watu waone hakuna kilichoibwa. Kisha ikaachwa miaka ikomae. Iliaminiwa kuponya sumu, tauni, kikohozi, kizunguzungu na huzuni. Iliponya kila kitu, isipokuwa ugonjwa. Mwaka 1745 daktari Mwingereza, William Heberden, alichapisha kijitabu cha kuishambulia, akionyesha kwamba rundo lile halina maana. Mimi simlaumu. Huenda alipewa teriaki kwenye chombo kibaya.

Halafu palikuwa na mumia. Naomba wenye matumbo mepesi watoke, na wenye njaa wabaki. Mumia ilikuwa unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, ukanywewa kwa michubuko na maumivu ya ndani. Daktari mpasuaji Ambroise Paré aliupinga kwa maandishi mwaka 1582. Watu waliendelea kuunywa. Kwa nini? Kwa sababu mtungi wake ulikuwa mzuri, na Paré hakuwa amechorwa maua.

Mkiona nasema sana ya mbali, njooni karibu. Rafu zile zilibeba subiri ya Sokotra, kisiwa ambacho majahazi yetu yamekipita tangu enzi na enzi. Baadaye zikabeba mzizi wa kalumba kutoka Msumbiji, dawa chungu ya tumbo iliyosifiwa sana. Bi mkubwa pale ananong'ona kuhusu karafuu za Unguja. Hapana, Bi mkubwa. Karafuu za zama za Piccolpasso zilitoka Maluku. Mikarafuu iliingia Unguja katika karne ya 19. Nakurekebisha kwa heshima, lakini nakurekebisha kwa sauti kubwa ili na wengine wafaidike.

Na katika karne hiyo ya 19, viwanda vya Staffordshire, Uingereza, vilitengeneza mitungi mikubwa ya maua na dhahabu kwa ajili ya ruba. Ndiyo, ruba wale wale wa matopeni. Madaktari walikuwa wanawabandika wagonjwa kwa kila kitu, na Ufaransa peke yake iliagiza makumi ya mamilioni ya ruba kwa mwaka katika miaka ya 1830. Mtungi wa ruba ulikuwa na mfuniko uliotobolewa matundu madogo mazuri, mpangaji apate hewa. Mgonjwa alifungwa chumbani madirisha yamebanwa. Ruba alipewa hewa na mandhari. Hapo mnaona nani alikuwa mgeni rasmi.

Hoja ya nne: mtungi wa kweli hutambulikaje?

Haya mtayalipia kwingineko, mimi nayatoa bure. Mitungi ya kughushi imejaa duniani, ya ruba ndiyo usiseme. Zingatieni mambo manne.

Kwanza, geuza uangalie kitako. Mtungi wa kweli huonyesha mahali fulani udongo wake, rangi ya mchanga au ya ngozi ya chungwa iliyofifia. Na ule weupe hubanduka mdomoni, pale uzi ulipokuwa unafungwa na kufunguliwa.

Pili, tazama michoro kwa karibu. Mkono wa binadamu hauchori jani moja mara mbili. Kuna mahali brashi ilijaa rangi, kuna mahali iliishiwa. Ukiona vitone vidogo vidogo vilivyopangana sawasawa, au mstari wima ambapo picha inakutana na mwanzo wake, hiyo ni karatasi iliyochapwa na kubandikwa kiwandani.

Tatu, angalia ukingo wa chini. Chombo kilichovutwa na kurudishwa rafuni miaka 400 hakiwezi kukosa mchubuko.

Nne, soma. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa huko ziandikwe kwa Kiingereza jina la nchi zilikotoka. Chombo chenye maandishi hayo, basi, hakiwezi kuwa cha zama za Piccolpasso.

Mmeandika? Vizuri. Sasa, kwa moyo mkunjufu, nauweka mezani mtungi wangu mwenyewe, wa mwaka 1540 au siku chache kabla. Niliununua kwa muuza vyombo vya mitumba, mtu mwaminifu kiasi kwamba hakuniuliza chochote, nami sikumuuliza.

Mtasema kitako chake ni cheupe chote, hakionyeshi udongo. Sahihi. Fundi alikuwa mtu msafi.

Mtasema hauna mchubuko hata mmoja. Hamjui heshima? Waliogopa kuugusa. Hata dawa, kwa uchunguzi wangu, haikuwahi kuthubutu kuingia.

Mtasema kuna mstari wima nyuma, na kwenye mstari huo ndege mmoja amepata mikia miwili na kichwa hana. Huyo ndege ni falsafa. Anatufundisha kwamba ugonjwa hauna mwanzo, na kwa mgonjwa wa zama zile mwisho ulikuja ghafla.

Vile vitone vidogo? Masharubu ya panya.

Na hapa chini, naam, pameandikwa *Made in Italy*. Nasikia vicheko. Nyinyi mnacheka, na mimi nawakumbusha kwamba dola ya Italia iliundwa mwaka 1861. Mchoraji wangu, basi, aliitabiri nchi yake miaka zaidi ya 300 kabla haijazaliwa, akaitabiri kwa lugha ya kigeni, na akatabiri hadi ushuru wa Wamarekani. Nionyesheni mchoraji mwingine wa aina hiyo. Hakuna! Ndiyo maana bei yake haisemeki. Kialama hiki pembeni, cha sahani iliyoangukiwa na matone ya maji, bado nakichunguza. Dalili zote zinaonyesha ni nembo ya ukoo wa kifalme uliopenda mvua.

Muda wa maswali. Yawe mafupi kuliko majibu.

Mama anauliza kama anaweza kutia achari ya ndimu ndani ya mtungi wa kweli. Swali la jikoni, lakini nitalijibu. Usitie, mama. Rangi ile ya kioo ilitiwa madini ya risasi ili iyeyuke vizuri, na ukali wa ndimu huweza kuichomoa risasi ikaingia katika chakula. Ni sumu. Nimewajibu kisayansi kabisa, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ilitokea.

Mzee wa nyuma amesema kitu kuhusu debe tupu. Mzee wangu, shikamoo, lakini hukunisikiliza. Hili si debe, ni kauri. Kuhusu utupu sina pingamizi.

Naam, nesi mstaafu, simama usikike. Anauliza: kwa hiyo wale wagonjwa walipona? Swali hili huulizwa na watu waliozoea wodi. Nesi, wewe ulipokuwa kazini ulikuwa na dawa inayofanya kazi, ndiyo maana ulijipatia raha ya kuitoa kwenye kopo lolote. Wenzako wa zamani walikuwa na nyama ya nyoka. Ungefanya nini ukiwa na nyama ya nyoka, mgonjwa anakutumbulia macho, na nyumbani kwake wanauza ng'ombe ili wakulipe? Ungenunua mtungi mzuri. Ungeandika juu yake kwa Kilatini kilichofupishwa, asichoweza kukisoma. Ungechora na malaika. Kadiri kilicho ndani kinavyopungua, ndivyo unavyoongeza dhahabu nje. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi, na mimi nimeifuata maisha yangu yote bila kuteleza.

Mbona mmenyamaza? Andikeni!

Nesi ana swali la nyongeza: anataka kujua mimi mwenyewe, ndani, nina nini. Muda umetuishia. Swali hilo liwasilishwe kwa maandishi, nakala tatu, kwa taasisi yangu, ambayo mwanachama wake ni mimi na ambayo hukutana nikiwepo.

Ratiba inaonyesha sasa ni neno la shukrani kutoka kwa mgeni rasmi. Kiti ni kile kile, na hali yake ni ile ile. Kwa kuwa mtaalamu hawezi kuteremka jukwaani bila kushukuriwa, nitajishukuru mwenyewe. Mheshimiwa Mtaalamu, kwa niaba ya wananchi hawa, ambao nyuso zao zimejaa mwanga na baadhi usingizi, tunakushukuru kwa hotuba nzito. Umetufumbua macho. Tumekuelewa hata pale ambapo wewe mwenyewe ulikuwa unatafuta njia. Tunaomba urudi tena mwakani, kwa nauli yetu.

Nimekubali. Mchango wa nauli unapokelewa mlangoni, na yule mwenye kikombe cha plastiki akipitishe.